Kichwa cha Treni cha Baba na Meno ya Klipu

Ujerumani,
Jumapili, baada ya ibada

Kaka Aminieli,

Shikamoo. Nakupa kwa sababu umenitangulia kuzaliwa na Baba alitulea hivyo, usiichukulie kuwa zaidi ya hapo. Natumaini wewe ni mzima, shemeji ni mzima, watoto wanakwenda shule na ng'ombe wanakamuliwa. Mimi mwili ni mzima. Baridi imeshaanza huku, nakwenda kazini na soksi mbili mbili, na hasira niliyo nayo haijanipasha joto hata kidogo.

Boksi lenye kichwa cha treni nilichomtumia Baba nimelipata. Mchungaji wetu amefika kwa ziara yake, akanikabidhi juzi mkononi, akasema, "Kaka yako anasema kale kadude kamekufa kenyewe, ukaangalie." Kamekufa kenyewe! Ndivyo ulivyoniambia kwenye simu miezi mitatu iliyopita, ndivyo ulivyomwambia Dada Nsia, na ndivyo ulivyomwambia Baba. Leo nakujibu, na utanisoma mpaka mwisho.

Kwanza nikueleze kazi yangu, maana pale gereji kwako, Kwa Sadala, umewatangazia watu kwamba mdogo wako alipanda ndege kwenda kutengeneza midoli. Wateja wetu ni wazee wenye mvi, kaka. Mtu ananunua kichwa cha treni kinachoenea kiganjani, anakiweka kwenye reli ndogo juu ya meza yake, na kama ngazi ya dereva imepungua kidato kimoja anatuandikia barua ya kurasa mbili.

Mwili wa kichwa hicho ni zinki. Inayeyushwa, inasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, inatoka na umbo zima, hadi ribiti ndogo kama punje za ulezi. Kalibu ikichakaa, ribiti zinafifia na kingo zinaota ndevu. Zinki ikiingiwa na madini ya risasi, hata kidogo tu, hakuna atakayejua siku hiyo. Kitu kitang'aa dukani, kisha baada ya miaka mingi kitapasuka na kumeguka kabatini kama mkate uliokauka. Hicho ndicho kinachokufa chenyewe, Aminieli, na huchukua miaka, si wiki sita alizokaa nacho Baba.

Kikishatoka kwenye kalibu, akina mama wanakwangua ndevu kwa mkono, kinapigwa rangi, kinagongwa maandishi kwa muhuri wa mpira laini, mengine madogo mpaka uyasome kwa lenzi. Mwisho kinaletwa kwangu nifunge mota. Mota inazungusha parafujo ya shaba, na parafujo inazungusha gia za magurudumu. Ukiibana mno, mota inavuta umeme mwingi na kupata moto. Ukiilegeza, meno yanasagana. Katikati yake hakuna mashine inayoijua, ni kidole na sikio. Kisha nakiendesha nusu saa kwenda mbele na nusu saa kurudi nyuma. Msimamizi wetu hupenda kufupisha muda huo siku za Ijumaa ili watu wawahi nyumbani, na vya Ijumaa ndivyo vinavyorudishwa na wateja. Nimegombana naye kwa hilo mpaka ananiita mkaidi.

Cha Baba nilikiendesha siku nzima.

Nilikwambia wewe peke yako, kwa kukuamini, kwamba kilikuwa kimekataliwa. Rangi ilikuwa na doa chini ya dirisha la dereva, kiwanda hakiwezi kuuza kitu cha namna hiyo, nami nikaomba nipewe. Nilikichagua kwa makusudi. Mashine yake ilikuwa tulivu kuliko zote nilizofunga mwezi ule, na Baba hana macho tena ya kuona doa. Ana vidole. Dada Nsia alinirekodia siku ya kwanza, Baba amekipakata mapajani anakipapasa: "Hapa boila. Hapa bomba la moshi. Hapa ndipo nilipokuwa nasimama na koleo langu, mwanangu, jasho linanitoka mpaka Tanga." Mzee aliyekuwa amenyamaza tangu macho yamwishie aliongea mpaka chai ikapoa. Watu wakaanza kupita nyumbani wakitoka kanisani, wakae wasikilize treni inazunguka mezani na yeye anasimulia.

Na wewe ulikuwa unapita katikati yao na ndoo ya maziwa, hakuna anayekuuliza habari.

Najua hilo, usidhani silijui. Wewe ndiye unayemwosha, unayemkatia ng'ombe wake majani, unayemshika mkono kwenda chooni, na nyumba ile kwa mila yetu ni yangu mimi mziwanda, niliyeko huku nakula mikate. Hata mimi lingeniuma. Ungenipigia ukanitukana, ningekaa kimya nikakusikiliza, maana ungekuwa na haki. Hukuthubutu. Ulimwendea mzee kipofu.

Juzi nilikiweka kichwa hicho kwenye meza yangu ya kazi nikakifungua. Juu ya skrubu ya chini huwa naweka tone la rangi nyekundu, ili nijue kama mtu amefungua. Tone lilikuwa zima, kwa hiyo ndani hukugusa. Hukuhitaji. Kwenye magurudumu, upande huu na upande huu, kuna alama za meno ya klipu za betri, zimeng'ata mpaka chuma kimekwaruzika. Mashine hii inakula volti kumi na mbili, na kifaa chake nilikituma pamoja nayo. Wewe uliiunga kwenye betri mbili za lori, volti ishirini na nne, ukaiacha imebanwa haiwezi kuzunguka, mpaka waya za mota zikawa nyeusi na gia ikayeyuka. Danuta, mama wa Kipolandi anayekaa meza ya pili, aliinama akatazama, akaniuliza, "Huyu aliyefanya hivi alikuwa mtoto?"

Nikamwambia hapana, ni fundi umeme wa magari.

Ndiyo maana siwezi kukuonea huruma. Angefanya jirani, ningesema hakujua. Wewe unaamka kila siku kupima volti za watu. Hukukosea, kaka. Ulijua, ukafanya, ukakaa ukisubiri moshi. Halafu ukamwambia Baba, "Mwanao amekutumia kilichokataliwa kiwandani, ndiyo maana kimekufa." Ulichukua siri yangu ukaifanya ushahidi. Baba ni mtu wa reli. Alimwambia Nsia, "Mwambie Elisante mimi sikuwahi kuwapakia watu kwenye mashine iliyokataliwa." Tangu siku hiyo hajapokea simu yangu. Kila Jumapili napiga, inaita, nasikia Nsia akimbembeleza, kisha inakatwa. Leo pia nimepiga.

Chini ya pamba, ndani ya boksi, nimekuta jani la isale, jani letu la kuombea msamaha. Limekauka limekuwa la kahawia. Nililitazama nikacheka peke yangu kwa uchungu. Unataka nikusamehe kosa ambalo hujalitaja, kwa jani lililosafiri kwenye begi la mchungaji ambaye hajui alichobeba! Unajua fika kwamba anayeletewa isale hakatai, na hiyo ndiyo mitego yako. Isale hubebwa mkononi, likiwa bichi, mbele ya ndugu, na mdomo unasema ulichofanya. Na halikuwa la kuletwa kwangu. Mimi umeniudhi tu. Uliyemnyang'anya kitu ni Baba. Sijalikataa wala sijalipokea, nimelirudisha, liko ndani ya bahasha hii.

Nisalimie shemeji, mwambie kitenge chake nitampa mchungaji amletee. Wasalimie watoto wako, wao hawana kosa. Shangazi, dada yake Baba, mpe shikamoo yangu kwa heshima zote, na mzee wa kanisa jirani yetu vilevile. Dada Nsia nitampigia mwenyewe.

Sasa sikiliza. Mchungaji anaondoka huku Alhamisi. Jumatatu atapita gereji akupe barua hii. Boksi hatakupa. Boksi atalipeleka nyumbani Machame siku ya Jumatano na kulitia mikononi mwa Baba. Ndani kuna kichwa chake, kizima, nimekifungia mota mpya na gia mpya. Pembeni yake, kwenye kitambaa, nimeiweka ile mota iliyoungua. Bado inanuka. Baba ataipapasa, ataipeleka puani, na mtu aliyeishi na mashine tangu ujana wake hahitaji kuelezwa waya ulioungua unanukaje au umeunguaje. Atauliza nani amefanya hivi, na mchungaji nimemwomba asijibu chochote.

Una Jumanne nzima. Masale yamejaa kwenye mpaka kati ya kwako na kwa Baba, ni hatua ishirini tu kutoka mlangoni kwako.

Mdogo wako, upende usipende,
Elisante