Kipimo cha Usta Wagdi Kilikuwa Changu

Bi Thurayya, nisaidie.

Jana karani wa mwendesha mashtaka hapa Zifta alinipigia simu akasema kesi ya Bayoumi, dereva wa bajaji, itasikilizwa Jumatatu tarehe 18 na mimi ni shahidi wa kwanza, nije na kitambulisho nirudie niliyoyasema polisi, na niliyoyasema polisi ni uongo, ndiyo maana nakuandikia nikiwa nimejifungia jikoni.

Mimi ni msimamizi wa watoto kwenye basi la shule, kazi yangu ni kuwapandisha, kuwahesabu na kuwashusha, na kwa miaka sita dereva wangu ni usta Wagdi, usta ndivyo tunavyowaita madereva huku, ambaye mume wangu alipoanguka dukani ndiye aliyemkimbiza hospitali kwa basi la shule, mchana kweupe, bila kumwomba mtu ruhusa, na mume wangu akaishi miaka miwili mingine, kwa hiyo nilipoanza kusikia harufu ya bangi kwenye koti lake nilifungua dirisha nikanyamaza.

Jumatatu ile ya ajali alinuka zaidi, macho mekundu, akapita vituo viwili vya watoto huku anacheka, nikampigia kelele akarudi kinyumenyume, na tulipokwisha kuwashusha shuleni, basi likiwa tupu, tukakuta gari la wapimaji limeegeshwa kando ya barabara ya mfereji, mbele ya kituo cha mafuta, polisi wanasimamisha kila basi la shule na kila dereva anapewa kikombe akakojoe kwenye choo cha kituo, mpimaji akingoja mlangoni.

Usta akaninong'oneza, "Mama Hazim, nitangulie chooni. Jaza ile chupa yako ya maji, uiache nyuma ya ndoo."

"Huna haya wewe?"

"Mkojo wako umetoka kuswali, wangu unakwenda jela. Nina watoto watatu, dada yangu."

Nikaingia. Alipotoka na kikombe mpimaji akacheka, "Usta, mbona umejaza mpaka juu? Kwani tunanunua?" Naye akamjibu, "Chai ya mke wangu hiyo, daktari." Akapewa karatasi: safi.

Saa saba na nusu mchana tukawarudisha watoto, ishirini na sita, na kwenye kona ya kiwanda cha matofali usta akahama upande, taratibu, kama mtu anayesinzia, akamgonga Bayoumi aliyekuwa anakuja upande wake na magunia ya vitunguu, watoto wakatoka na michubuko, Bayoumi akakatwa mguu. Polisi walipofika usta akawatolea karatasi ya asubuhi, hawakumpima tena, lakini Bayoumi alipimwa hospitalini ikaonekana bangi, na hakukana, alisema alivuta Alhamisi kwenye harusi ya binamu yake, na mimi nilipoulizwa nikasema bajaji ndiyo iliyotuingilia. Sasa amefungwa pingu kitandani.

Mkewe alikuja kwangu, akakataa kuketi. "Bangi ya Alhamisi ndiyo iliyogonga Jumatatu?"

Nikamwambia mimi sijui mambo ya vipimo.

"Sikuulizi vipimo, mama. Nakuuliza nani alihama upande."

Nikafunga mlango. Usta naye ananiambia, "Ukifungua mdomo tunaingia wote wawili, na nitasema wewe ndiye uliyenishawishi." Mume wangu hayupo tena, nina mwanangu na kazi hii tu. Niseme, au ninyamaze yaishe?

Mama Hazim

*

Mama Hazim,

Majina nimeyabadilisha na mji nimeuhamisha. Mengine nimeyaacha ulivyoyaandika, kwa sababu yameandikwa vizuri kuliko ushahidi uliowapa polisi.

Naelewa fadhila ya mtu aliyemwokoa mumeo. Ilikuwa yako kuilipa. Hukuwa na ruhusa ya kuilipa kwa mguu wa Bayoumi. Tena chupa siyo kosa lako kubwa kuliko yote. Ulijua asubuhi kwamba dereva amelewa, ulikuwa na saa tano za kumwambia mkuu wa shule, na saa saba na nusu ukawapandisha watoto wa watu ishirini na sita, ukawahesabu, ukafunga mlango.

Mke wa Bayoumi amekwambia kweli tupu. Kipimo cha mkojo kinaonyesha kwamba mtu alivuta, hata kama ni siku kadhaa nyuma. Hakionyeshi alikuwa katika hali gani alipoendesha. Aliyehama upande ulimjua wewe, uliyekaa nyuma ya kiti cha dereva, ukasema vingine.

Ukirudia uongo tarehe 18 mbele ya hakimu utakuwa umeongeza kosa juu ya kosa. Usingoje siku hiyo. Tafuta wakili wako mwenyewe kesho, asiwe wakili wa shule. Andika kwa mkono wako: saa, choo, chupa, kona ya kiwanda, basi lilikuwa upande gani. Usijitetee humo wala usiombe radhi. Radhi utamwomba Bayoumi ana kwa ana, akikubali kukuona. Vitisho vya usta viandike pia, neno kwa neno. Omba apimwe tena, safari hii mtu akimtazama kwa macho, na usimdokeze. Anayevuta kila siku ataonekana tu.

Kazi utaipoteza. Huenda na wewe ukashtakiwa, sitakudanganya ili ulale vizuri. Mwanao mtafutie wa kukaa naye kabla hujatoka nyumbani.

Ofisi ya mwendesha mashtaka inafunguliwa Jumamosi saa tatu asubuhi. Uwe mlangoni na wakili. Nakala ya pili mkabidhi mkuu wa shule siku hiyo hiyo, mkononi, nyumbani kwake ikibidi. Jumapili wiki ya shule inaanza, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi usta Wagdi anawasha basi.