Soli Kumi za Mguu wa Kushoto

Baba yangu,

Leo nimepita sokoni Kariokor, kwenye kibanda chako. Anayekikodi siku hizi anauza mikoba, lakini nilisimama hapo kidogo nikakukumbuka ukikata akala, vile viatu vya tairi, miwani imekushuka puani na mdomo haupumziki.

Unakumbuka ile likizo ya kidato cha pili? Uliniachia kadibodi yenye umbo la unyayo nikate soli za jozi tano, ukaenda kununua misumari. Nikasahau kuipindua nikate za kulia. Uliporudi ulikuta soli kumi, zote za mguu wa kushoto, na tairi nzima imekwisha. Nilingoja kofi. Wewe ukacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Miaka baadaye nikarudi nyumbani Pumwani na digrii na kiburi chake. Nikakueleza kwamba hesabu ni mchezo kama drafti: watu walitunga sheria, wakakubaliana, basi. Ukaniuliza, zile soli zangu zilivunja sheria ya nani?

"Hata wazee wote wa Kariokor wakae chini wakubaliane hii ni ya kulia," ukasema, "mguu utakataa. Hesabu ilikuwako. Sisi tunaikuta tu."

Nilikujibu kwamba huo ni mpira wa tairi na mguu, si hesabu. Ukafungua mdomo kunijibu. Nami, mbele ya Mama, nikakukata: "Baba, wewe ni fundi viatu. Haya huyajui." Ukainamia chai yako. Hukuigusa tena mada hiyo, na mwaka uliofuata tukakuzika.

Nimeandika tasnifu miaka mitatu nikiitetea hoja yangu ile ya mchezo wa drafti. Mwezi uliopita nilichora unyayo kwenye karatasi, hakuna mpira wala mguu, nikajiwekea sheria: kusukuma na kuzungusha ruhusa, kupindua marufuku. Nilihangaika siku mbili. Wa kushoto haukukubali kuwa wa kulia. Sheria nilizitunga mimi, Baba, lakini jibu halikungoja ruhusa yangu. Nimefuta sura mbili. Msimamizi wangu analalamika kwamba nitachelewa kuhitimu mwaka mzima. Nimemwambia sawa, nichelewe.

Wapo pia wanaoshikilia kwamba hesabu haipo mpaka mtu aijenge akilini mwake. Hao nitapambana nao, siwaogopi hata kidogo. Kinachoniuma ni kwamba wewe ulibishana nami kama mwenzako, mimi nikakunyamazisha. Nisamehe. Nimesoma majibu ya wasomi wote, lakini lako ndilo ambalo sikulisikia.

Pumzika, mzee wangu.

Kifungua mimba wako, bado mbishi