Baba Mkwe, Alteneta na Baraka Isiyojibiwa

Mama Marluce mpendwa, wewe unayejibu barua za wenye shida, naomba unisaidie kwa neno moja tu la busara, maana mke wangu ameshasema lake, mama yangu naye kasema lake, na mimi nimebaki sijui niende wapi na gari langu.

Mimi ni kijana wa hapa hapa kwetu Cariri, na wewe unanijua hata kama hujui kwamba unanijua, kwa sababu mimi ndiye ninayepita mitaani na pikapu nyekundu nikitangaza nyama ya mbuzi ya Jumamosi, ng'ombe aliyepotea na misa ya marehemu, na jioni za sikukuu nafungua nyuma, spika zinaangalia barabara, watu wanacheza forró mpaka vumbi linapanda. Namshukuru Mungu naishi vizuri, nina mke ninayempenda, Josenilda, ana mimba kubwa na anacheka tangu asubuhi, na maisha yangu yangekuwa matamu kabisa kama si umeme wa gari na baba yake.

Nianze na umeme. Besi ikipiga, taa za mbele zinafifia, sauti inakatika katikati ya wimbo, na watu wananizomea, "Genivaldo, lipe gari uji!" Nilinunua betri ya pili, mambo yakawa mazuri wiki chache, sasa zote mbili zina njaa, kwa sababu alteneta inayozichaji ni ile ile ndogo iliyokuja na gari, na nikizima injini haliwaki tena mpaka lisukumwe, basi siku hizi sizimi kabisa, nikienda dukani linanguruma nje, nikienda kwa mama linanguruma nje, hata kanisani niliacha linanguruma na padre akasema Mungu anasikia bila msaada wangu.

Dawa naijua: alteneta kubwa, na waya nene badala ya hizi nyembamba, kutoka alteneta hadi betri, na kutoka betri hadi kwenye bodi ya gari na injini. Fundi wa kazi hiyo hapa mjini ni mmoja, wengine wote wanabahatisha, naye ni Mzee Anacleto, baba mkwe wangu. Sasa, mama, Josenilda nilimtorosha. Si mimi wa kwanza, mama yangu mwenyewe alitoroshwa, watu hutoroka Ijumaa, Jumapili wamesharudi wanatafuta padre, na wazee hununa kidogo halafu yanakwisha. Lakini mimi nilimtorosha kwa gari hili hili, na kwa furaha nilisahau kuzima muziki, mtaa mzima ukaamka kabla ya mzee. Harusini mzee alikuja, akasimama nyuma, akaondoka kabla keki haijakatwa.

Tangu hapo, kila nikipita karakana yake nafanya yote yanayompasa mkwe. Nasimamisha gari, napunguza muziki, natoa kichwa dirishani, nasema kwa nguvu, "Baba, naomba baraka!" Na yeye, ambaye hata mlevi akimwomba baraka humjibu "Mungu akubariki", ananitazama, anafuta mikono kwa tambara, anarudi chini ya boneti. Inaniuma, mama. Mimi baba yangu alikufa nikiwa mdogo, na nilidhani nimepata mwingine.

Sasa kuna karakana huko mji mkubwa, wamenipa nafasi Jumatatu. Nilipomwambia Josenilda akaweka sahani ya kuskuz mezani kwa kishindo.

"Ukimpelekea mtu mwingine kazi hiyo, baba atajua kabla hujavuka daraja. Hapo ndipo utakuwa umemtukana kweli."

"Mzee hata baraka hanipi, alteneta ndiyo atanipa?"

"Mimi sitaki kujua. Nataka mtoto wangu abarikiwe na babu yake akiwa bado mchanga, si akiwa na ndevu."

Mama Marluce, nimpelekee mgeni gari nimuudhi mzee, au nimpelekee mzee anifukuze mbele ya wateja? Tafadhali usinitaje jina.

Ni mimi, nisiyetaka kujulikana.

*

Wewe usiyetaka kujulikana, jina lako umeliandika mwenyewe ndani ya barua, na pikapu nyekundu yenye spika hapa kwetu ni moja tu. Pole, mwanangu. Tuendelee.

Kwanza hongera kwa mke na kwa mtoto anayekuja. Nimefurahi kusoma barua ya mwanamume anayesema wazi kwamba anampenda mkewe. Sikukatazi muziki pia, na mimi mifupa yangu bado inaitika ngoma ya zabumba. Lakini kuongeza betri juu ya alteneta ndogo ni kuongeza mtu mezani bila kuongeza unga, na wewe ulilijua hilo, ukanunua kwa sababu ya kumkwepa mzee. Usibishe.

Sasa hizo baraka. Nimeisoma sehemu hiyo mara ya pili nikifuta machozi ya kucheka, halafu nikaacha kucheka. Genivaldo, tangu lini baraka huombwa dirishani? Wewe unampigia kelele mzee aliyezeekea kati ya injini na nyundo, muziki "umepunguzwa", gari linanguruma, makalio yako hayajabanduka kwenye kiti, halafu unaenda zako umeumia roho! Hata huyo mlevi huja kwa miguu yake. Ulimchukua binti wa watu bila kushuka garini, na mpaka leo hujashuka. Mzee hajakunyima kitu. Anakungoja.

Kwa hiyo fanya hivi. Wapigie hao wa mji mkubwa simu, waombe radhi, Jumatatu huendi. Usimtume padre akusemee, wala shangazi, wala usimtangulize Josenilda na tumbo lake kama ngao. Aje, lakini akae garini anywe maji. Nenda asubuhi karakana inapofunguliwa. Muziki uzime tangu kwenye kona. Ukifika mlangoni, zima na injini. Najua halitawaka tena, ndiyo maana nakwambia zima.

Shuka, vua kofia, mfuate pale aliposimama, umwambie kwamba ulikosea namna ulivyomchukua binti yake, si kumpenda. Kisha omba baraka kwa sauti ya kawaida na ungoje, hata akiamua kumaliza kufunga skrubu aliyoishika. Alteneta usiitaje. Akishakujibu, mshukuru, rudi garini, ugeuze ufunguo mbele yake. Lisipowaka, kaa kimya. Mzee aliyeishi kwa umeme wa magari hawezi kusikia gari lililombeba binti yake na mjukuu wake likigoma, akabaki amesimama.

Atakapofungua boneti atakutukana. Vumilia, mshikie tochi, umwite baba.