Nyumba Uliyoijenga Juu ya Matuta Yangu

Mume wangu Nesto, mjukuu wangu,

Anayeandika ni Leonsia, binti wa jirani. Mimi shule niliiona kwa nje tu, unajua. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitengenezee maneno. Na barua hii hatuitii kwenye bahasha. Simu yako haipatikani, sijui unalala kwa nani huko Kirando. Basi yeyote wa mwaloni, hapo mitumbwi inapoteremsha samaki, atakayeishika aisome, halafu amtafute kijana mrefu anayeanika dagaa, ambaye huku alikotoka alikuwa anasomea kuchora nyumba.

Unakumbuka ulivyokuja likizo ile? Hata shikamoo hukuimaliza, umeshaweka kiganja kwenye ukuta wa jiko langu. "Bibi, ukuta huu unakunywa jua mchana, usiku unakurudishia joto. Chuoni wanatufundisha kitu hiki mwaka mzima!" Nikakwambia, "Basi waje wakae hapa jikoni, nitawafundisha na kusonga ugali." Ulicheka mpaka kofia ikaanguka majivuni.

Ukasema kazi yako ya mwisho chuoni haitakuwa ya karatasi, itakuwa nyumba yangu. Wiki nzima ulinifuata ukiuliza. Upepo wa Juni unatokea wapi? Nyasi gani hazivuji? Nilikujibu yote, na uliposhika nyasi vibaya nikakutukana. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, Nesto. Hata babu yako.

Kisha ukafunga kamba zako kule juu, ambako ulezi ulikuwa umeshavunwa. Wewe uliona uwanja. Mimi niliona matuta yangu. Tangu nimeolewa nimefukia nyasi pale, nikainua ntumba, matuta yetu ya mviringo, nikapanda maharage, mvua zikirudi nikayabomoa matuta nikamwaga ulezi. Ardhi ile ni nyasi zilizooza mpaka chini. Kiangazi inakauka, inakuwa ngumu, inadanganya. Nikafungua mdomo. Baba yake Leonsia akaniwahi: "Mama, mwache msomi asome." Watu wakacheka. Na wewe ukasema, "Usijali bibi, udongo nimeupima."

Nikanyamaza. Mimi! Mimi niliyemwambia padri mbele ya watu kwamba mahubiri yake marefu yanaunguza maharage yetu jikoni. Siku hiyo niliona aibu, nikasema labda wasomi wana namna yao.

Ukaijenga nyumba, na mvua zilipokolea, kona ya chumba changu humo ikazama, ukuta ukalala. Mwalimu wako alikuja kukagua nyumba, akakuta tope. Akakuuliza, "Ulijua hapa palikuwa na nini?" Ukanitazama. Nami nikatazama kanga yangu, nikaanza kukunja pindo. Ukamjibu, "Kosa ni langu." Kesho yake ukapanda gari la Kirando.

Nesto, mimi nilijua.

Haya, nimesema. Leonsia ameacha kuandika, ananikodolea macho. Andika, mtoto!

Barua ya chuo imefika. Imesomwa mara mbili hapa: usiporudi Jumatatu ijayo wanafuta jina lako. Mimi hii ni ya tatu kukutumia. Zile mbili nilikupa pole tu, nikakwambia ni mvua, ni kazi ya Mungu. Uongo mtupu. Mungu hakunifunga mdomo. Gari la dagaa linaondoka kesho, nimehesabu siku kwa vidole na hazitoshi. Ikikufikia utakuwa umeshachelewa. Sijidanganyi.

Nalala jikoni, mgongo kwenye ukuta ule ulioushika. Sijui kama bado unarudisha joto. Mimi nasikia baridi tu. Wenzangu wote wanapiga matuta sasa, wananiuliza mbona pale juu nimeacha majani. Nawajibu kiuno kinauma. Kiuno ni kizima kabisa. Kamba yako moja bado imefungwa kwenye kigingi, nami siwezi kupitisha jembe hapo.

Kama siku bado ipo, usipitie hapa kunisalimia. Nenda moja kwa moja chuoni, umwambie mwalimu wako kwamba bibi alijua, akanyamaza. Na kama wameshakufuta, basi njoo nyumbani unitukane. Simama mlangoni upige kelele mtaa wetu mzima wa Kizwite usikie. Nitakaa kimya mpaka umalize, kimya nimeshakijua.

Mkeo mzee, bibi yako.