Nilisema Ofa, Mama Mkwe Akasikia Ofa Nyingine

Mpendwa mshauri, naomba msaada na naomba usinicheke mpaka umalize kusoma. Mimi ni karani wa masjala hospitalini, kazi yangu kutafuta mafaili ya wagonjwa, na huu ni mwaka wa saba wa ndoa yangu, na miaka yote hiyo mama mkwe ananiita mkono wa birika, mbele yangu na nyuma yangu, kwa sababu sinunui kitu bila kuuliza bei mara mbili na mabaki ya jana kwangu ndiyo chakula cha leo. Mume wangu husema, "Mzoee tu, mama ndivyo alivyo." Mshauri, mtu hazoei kuitwa bahili, iliniuma kila siku.

Basi benki yangu ikaleta tangazo kwenye simu, kwamba kila Jumanne ukilipa kwa kadi yao katika mkahawa ulio mkabala na tawi lao, meza ya watu wanne inalipia wawili tu, nami kwa furaha nikaandika kwenye kundi letu la familia, "Jumanne mchana kuna ofa mkahawani, njooni tule." Nia yangu tuchangie ile bili iliyopungua, kila mtu atoe nusu ya bei yake, lakini kwa mama mkwe ofa ni moja tu, ukitamka ofa maana yake unalipa wewe, akajibu, "Asante mwanangu, Mungu akuzidishie," na miaka saba sikuwahi kuitwa mwanangu, kwa hiyo nikakosa mdomo wa kumsahihisha.

Wakaja, yeye, baba mkwe na wifi yangu, mume wangu akiwa kazini, mama mkwe kavaa viatu vya harusini, akaagiza samaki mzima, mimi nikaagiza kuku huku napiga hesabu kimoyomoyo, mhudumu akaleta mashine, nikabonyeza namba ya siri, bili ikatoka nusu, nikajiona nimeshinda uchaguzi! Mama mkwe akasimama akanikumbatia mbele ya watu, akasema, "Nilikukosea. Mkono wako si wa birika." Nililia palepale, nikasingizia pilipili.

Sasa balaa. Wifi aliokota risiti mezani, akasoma "punguzo la kadi", akaninong'oneza, "Kumbe! Ngoja mama ajue umemlisha cha nusu bei." Na mama mkwe naye keshawatangazia wenzake wa kikundi chao cha akina mama wastaafu, wako kumi na mmoja pamoja naye, kwamba mkwe wake atawapa ofa Jumamosi, siku ambayo hakuna punguzo hata la chumvi. Nikikataa narudi kuwa birika, nikikubali mshahara wote unaishia mezani, nikisema ukweli naogopa kulipoteza lile neno mwanangu. Nifanye nini?

Karani wa masjala

JIBU

Mama wewe, umemlisha mkweo samaki mzima, ukamlisha mumewe na hata huyo wifi mwokota risiti, halafu unaniandikia kana kwamba umeiba! Samaki wa nusu bei ana miiba ileile na utamu uleule. Bahili ni yule anayewanyima watu. Wewe umewashibisha watu bila kuitikisa nyumba ya mtoto wao, na huo ni ushindi. Nakupongeza kwa mikono miwili.

Sasa nikugombeze. Neno lilipokwenda kombo ulijua palepale, ukaliacha kwa sababu lilikuletea sifa, na leo sifa hiyo inakudai chakula cha kikundi kizima. Njia ya mwongo ni fupi, na kunyamaza nako wakati mwingine ni uongo. Wifi hana silaha nyingine zaidi ya siri yako. Ukiitoa mwenyewe, anabaki na kipande cha karatasi.

Kwa hiyo ukitoka kazini leo, nenda moja kwa moja kwa mama mkwe. Usimwandikie, maana ujumbe ndio uliokuponza. Kaa naye useme, "Mama, ile Jumanne nililipa nusu kwa kadi yangu, nikaona haya kukwambia." Omba radhi kwa kunyamaza, lakini kwa punguzo usiombe radhi kamwe! Jumamosi ifuteni, kikundi kihamie Jumanne. Kisha muulize, katika wale mama wangapi pensheni yao inapitia benki hiyohiyo? Wengi kadi wanayo pochini, na kazi yake ni kutolea pesa tu. Wakipatikana wawili, pamoja na yako ni kadi tatu, na ninyi kumi na wawili mnajaza meza tatu za wanne. Kila mmoja ajilipie nusu yake. Wewe lipa ya mama mkwe, kwa kupenda, ukiwa unaijua bei. Na piga simu mkahawani kabla, uulize kama vinywaji vimo na kama lazima kuweka nafasi, maana masharti husomwa kabla ya kuagiza, si baada ya kushiba.

Neno mwanangu usiliogope. Mwanamke wa umri wake hasimami mbele ya wahudumu kukiri kosa kwa ajili ya samaki. Alikuwa na kitu moyoni akikosa pa kukisemea, nawe ukampa meza. Nenda leo, kifua mbele, umfikie kabla ya wifi.