Plagi Nne za Tito

Fundi,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia, utaniona sikulelewa. Ni mimi Hamisi, uliyemfundisha kushika spana mpaka viganja vikaota sugu, na ambaye kwa miaka yote hiyo hukuacha kumkagua mifuko kila akitoka gereji. Sikuwahi kuchukia. Wewe hata mchungaji wako ulimkagua kwa macho.

Gereji yetu ya Buzuruga ipo. Mabati yanavuja palepale. Mkeo, Mama Tito, kwa nje hajambo. Kwa ndani sijui, maana siku hizi anakaa kimya sana. Sasa ni mwezi wa tano tangu tukuzike kwenu Nansio. Lakini sikukuandikia habari za mabati. Nina neno na wewe, Fundi, na neno lenyewe ni plagi. Au pragi, kama ulivyoziita maisha yako yote, na ole wake aliyekucheka.

Kumbuka tulikotoka. Plagi zilikuwa za aina moja tu, tena kwa kibali, na ukizipata unazifunga kwenye kitambaa na kulala nazo chumbani. Ukanifundisha sheria yake nikaishika kama Alhamdu: injini ya zamani inayobeba mzigo inachemka sana ndani, kwa hiyo ipewe plagi baridi, ile inayotoa joto upesi. Na plagi baridi ni ile yenye namba ndogo. Namba ikipanda, plagi ni ya moto. Gari la mzigo, namba ndogo, basi. Nilipokosea ulinigonga utosini na kifuniko cha kabureta.

Halafu ikaja ruksa ya biashara. Leo kila mwenye kibanda Kirumba anauza spea, na maboksi yenyewe hata hayajulikani yametoka wapi. Ukapata kazi mpya ya kushuku. Unanusa boksi, unakwaruza nyuzi za plagi kwa kucha, unaitikisa sikioni. Tukitoka dukani unaniuliza, "Hamisi, yule alikuwa anacheka nini?" Na mimi nikawa hivyohivyo. Mke wangu akinipa chai yenye sukari nyingi namuuliza kuna nini leo.

Aliyekuumiza ni Tito, mwanao. Ulitaka aje gereji, yeye akafungua duka la spea Kirumba, njia ya kwenda Mwaloni. Ukajikaza, ukaenda kumuunga mkono: plagi nne, namba tano, za ile pikapu yako ya kijani. Zilikuwa za aina ngeni iliyoingia na ruksa. Wiki haikuisha, pistoni ikatoboka katikati ukiwa na magunia ya dagaa. Ulirudi gereji ukazitupa zile plagi mtaroni mbele ya mafundi wote, ukasema, "Mwanangu ananiuzia feki. Ameanza na mimi." Sauti ilikukatika pale kwenye neno "mwanangu", nilisikia. Hukukanyaga kwake tena. Alipopata mtoto akaja kukuomba jina, ulituma jibu kwamba mgongo unakuuma.

Nami nikamshuku pamoja na wewe. Adui wa fundi wangu ni adui yangu, sikuuliza swali hata moja.

Basi mwezi uliopita Mama Tito akanikabidhi pikapu niiendeshe, maana sasa nyumba yako inakula kwa injini ile. Plagi nilizozikuta ndani zilikuwa zimechoka. Sikuwahi kuzigusa kabla. Ile gari ulikuwa ukiihudumia mwenyewe, Jumapili baada ya kanisa, boneti juu na mgongo umetupa sisi. Nikazitoa nyeusi tii kwa masizi, nikazitia kwenye kopo la vyuma chakavu. Mama akaniambia, "Kanunue kwa Tito, Hamisi, haya mambo yaishe." Nikaenda, lakini nilikwenda kiaskari.

Tito akachungulia gari nje, akaniambia, "Kaka Hamisi, hiyo ipe saba. Hizi zinasomwa kinyume na zile za zamani." Tena anatabasamu, Fundi! Nikatazama rafu: tano zimebaki chache, saba zimejaa vumbi. Nikasema ahaa, zimemdodea huyu, anatafuta wa kumbebesha. Wa kunichezea mimi bado hajazaliwa. Nikamwambia nipe tano. Akarudia saba. Nikapandisha sauti, akanipa tano yangu, ila akanisindikiza mpaka mlangoni akiniomba nisipakie mzigo mzito. Nikaona hata huko kunisindikiza ni ujanja.

Siku ya nne, kwenye kupanda kabla ya Kisesa, injini ikaanza kugonga, ikatetemeka, ikazima. Nilipofungua, pistoni moja ilikuwa na tundu la kupitisha kidole.

Nilirudi Kirumba na ile pistoni mkononi. Nikasimama katikati ya duka nikamwita mwizi, muuza feki. Nikamwambia wewe ndiye uliyemuua baba yako kwa presha. Ndiyo, nililisema hilo, na mkewe akiwa amesimama pale na mtoto mgongoni. Habari zikafika Buzuruga kabla yangu. Tangu siku ile hakuna fundi aliyeingia kwake, na wiki iliyopita nikasikia anashusha rafu, anahama mji. Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Ila nilitaka kwanza nimfikishe kwa mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti angetaka ushahidi. Nikabana plagi moja ya Tito kwenye jiliwa, nikaipasua kwa msumeno wa chuma niuone uongo ulivyo ndani. Chuma kizima. Ule udongo wake mweupe safi kabisa, ila umeungua. Nikazidi kushuku. Nikaenda duka jingine, mbali na Tito, nikanunua tano na saba za aina hiyohiyo, nikazipasua. Nikapasua na moja ya zile zako za enzi ya kibali, namba ndogo. Nikazipanga mezani.

Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba plagi ina pua ya udongo. Pua ndefu inashika joto, pua fupi inalitoa. Ile yako ya zamani, namba ndogo, pua fupi. Sawa. Tano ya duka lile jingine, pua ndefu. Tano ya Tito, ndefu vilevile. Saba, fupi.

Nikakaa chini, tako kwenye oili, sikujali. Waliotengeneza aina hii walianza kuhesabu upande wa pili. Kwao namba ikipanda ndipo ubaridi unazidi. Gari ndogo za mjini zinaivumilia hiyo tano ya moto, ndiyo maana hakuna aliyelalamika ila sisi wa mizigo. Tito hakuuza feki hata siku moja. Alituambia kwa mdomo wake na sisi tukamtazama meno.

Nikamuuliza Mama Tito kama na wewe Tito alikuambia siku ile. Akasema alikuambia, yeye akiwepo, nawe ukamjibu kwamba hajazaliwa mtoto wa kukufundisha kusoma namba.

Sasa niseme lile nililokuwa nalikwepa. Siku mbili kabla hujafa ulinivuta karibu ukaniambia Tito asitie udongo kwenye kaburi lako. Nikatii. Mchungaji alipomaliza, Tito akainama akachota udongo, mimi nikamshika mkono mbele ya shangazi zake. Hakubisha. Alifungua vidole, udongo ukaangukia viatu vyake, akageuka akashuka kuelekea gatini peke yake. Nikajisemea, kama hana kosa mbona habishi? Nikikumbuka vidole vile vikifunguka siwezi kula.

Nikadhani nimefika mwisho wa maneno: wewe ulikosea kwa kutojua, mimi nikakosea kwa kukufuata. Ningeweza kuishi na hilo. Lakini ulinifundisha kushuku, Fundi, na kazi ya kushuku haina likizo. Nikakumbuka zile plagi chakavu nilizozitoa kwenye pikapu. Ulizifunga wewe baada ya ajali ya pistoni, na gari ikabeba dagaa mwaka mzima bila hata kukohoa. Zilikuwa namba gani? Nikamwaga kopo. Nikaziosha kwa petroli, nikasugua masizi kwa brashi ya waya.

Saba. Ya pili saba. Zote nne saba, za aina ileile ngeni.

Ulijua.

Ulikwenda duka la mtu mwingine ukanunua kile alichokushauri mwanao, ukakifunga mwenyewe, mgongo umetupa sisi tusione. Ulijua mwaka mzima kwamba mtoto hana kosa. Ulimwacha mafundi wamseme. Na bado siku mbili kabla ya kufa ukanituma mimi nikamshike mkono! Kwa nini, Fundi? Aibu? Uliona ni vigumu kwenda Kirumba kumwambia mwanao kwamba alikuwa sahihi? Au ulikuwa unangoja siku nzuri, na siku nzuri haikufika? Nimekufikiria kila namna. Nakuchukia, halafu nakulilia, halafu naona viatu vyako nyuma ya mlango wa gereji nakulilia tena. Hukunikagua mifuko bure, kumbe. Uliyekuwa na kitu mfukoni ulikuwa wewe.

Jana nilikwenda kwa Tito. Nilimkuta anafunga maboksi kwa kamba. Nikakiri kosa langu mbele ya mkewe na wateja wawili waliokuja kutafuta bei ya chee, kwa sauti ileile niliyomtukania. Nikamwonyesha zile nilizozipasua, pua ndefu na pua fupi. Nikamwomba radhi. Nikamwambia nitakwenda Buzuruga gereji kwa gereji kuyasema haya, na leo nimeshapita nusu yake. Hakunifukuza, wala hakutabasamu. Aliuliza jambo moja tu.

"Baba alijua?"

Zile saba nne zilikuwa mfukoni mwangu, zinanichoma paja. Nikamtazama usoni, nikamwambia hukujua. Nikamwambia kifo kilikuwahi, kwamba ungejua ungekuja Kirumba kwa miguu.

Tito akakaa juu ya boksi akalia kwa sauti, mtu mzima yule. Akasema, "Afadhali. Mimi nilikuwa naogopa kwamba alijua."

Basi, Fundi. Asubuhi hii nimesimama kwenye mawe nikazitupa zote nne ziwani, mbali kadiri mkono ulivyoweza. Mama Tito sitamwambia. Mke wangu sitamwambia. Nakuahidi kwamba jibu nililompa mwanao sitaligeuza, akiniuliza nikiwa na akili au nikiwa na homa, mpaka nami nifunikwe. Nimekubebea, kwa sababu ulinifunza kazi na kwa sababu nakupenda, japo leo sikuheshimu kama jana.

Lakini na yeye atakufikia siku moja huko uliko, na kitu cha kwanza atakuuliza ni hilohilo. Huko sitakuwepo kukujibia.

Kwaheri, Fundi wangu.

Hamisi