Mama Atasema kwa Lugha Gani

Jumatano, 26 Septemba 2018

Imepita! Baraza la mji, kura nne kwa tatu. Kuanzia mwaka huu, Jumatatu ya pili ya Oktoba si Siku ya Kolumbasi tena katika mji wetu. Ni Siku ya Wenyeji, yaani sisi tuliokuwa hapa kabla yake. Miaka kumi na tisa tumeomba — tulianza mimi nikiwa bado na kiuno. Ukumbini watu walikumbatiana. Nililia kama mtoto, kamasi na yote.

Nikampitia Mama kituo cha kusafishia damu nimpe habari. Amelala na mirija yake miwili mkononi. Akafungua jicho moja, akauliza: Kolumbasi ameshaambiwa? Manesi wakavunjika mbavu. Mimi nilitaka afurahi tu.

Ijumaa, 28 Septemba

Diwani Sorensen kanifuata jikoni shuleni, mikono yangu imejaa unga. Wanataka Mama azungumze siku hiyo. Kwa Kiojibwe, lugha yetu! Kasema ndiye wa mwisho hapa mjini aliyekua akikisema — kana kwamba mimi sijui. Halafu ombi dogo: ningewaandikia neno la "wazee wetu" kwa lugha yetu? Darasa la tano watalipaka rangi kwenye bango.

Nikasema, usiwe na wasiwasi, nitaandika. Ningesema nini? Mimi, Verna Isham, binti wa Josette Isham, miaka hamsini na saba, najua salamu, vyakula, majina ya ndugu, na kumfukuza mbwa. Mama hakutufundisha. Shule ya bweni ya weupe walimwosha kinywa kwa sabuni kila alipoisema, akaapa watoto wake hawataionja sabuni hiyo. Basi akatunyima vyote viwili, sabuni na lugha. Na Baba, alipokuwa hai, waliongea chumbani mlango umefungwa. Nilikuwa natega sikio ukutani.

Sasa ataisema mbele ya mji mzima, mbele ya Sorensen na mpiga picha wa gazeti. Mimi hajawahi kuniambia hata "njoo ule". Naona wivu. Haya, nimeliandika.

Jumapili, 30 Septemba

Neno la bango nimelipata. Kumwuliza Mama sikuthubutu. Nilitoa kadi ya maziko ya Baba sandukuni, ile yenye sala kwa lugha yetu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Penye "wazee" kuna neno refu: gichi-aya'aabaniig. Nimelinakili kwa uangalifu, hata vile vialama vya juu, nikampelekea Sorensen. Nimejiona msomi!

Jumanne, 2 Oktoba

Mzee Bertoldi kanisimamisha kwenye foleni ya nyama. Alifanya kazi mgodini na Baba. Kasema, Verna, babu yangu alipotoka Italia walimwita kila jina chafu humu. Siku moja tu kwa mwaka, ya Kolumbasi Mwitaliano mwenzake, alivaa suti akapita barabarani kifua mbele. Na hiyo mmeichukua.

Nikamwambia, sisi mlituachia ipi?

Akasogeza kikapu chake pembeni. Kisha akaniuliza hali ya Mama, nikamwambia, akanipisha nitangulie kwenye foleni. Nimerudi nyumbani sina hata wa kumkasirikia.

Jumatano, 3 Oktoba

Mama kakataa mashine ya kusafisha damu. Nimemshikia mlango wa gari, yeye kaketi na koti lake, hanyanyuki. Kasema, imetosha. Nikasema, Mama, daktari je — Kasema, daktari nilimwambia juzi. Kumbe! Daktari alijua, manesi walijua, mimi tu ndiye wa kushtukizwa mlangoni.

Nimempigia daktari. Bila mashine, siku saba. Pengine kumi.

Nilipiga kelele. Nilimwita mbinafsi — mtu wa miaka themanini na tatu! Akaningoja nimalize, akaomba mkate wa kukaanga, wenye chumvi, aliokatazwa miaka minne. Nikamkaangia huku nalia. Kala miwili.

Jumamosi, 6 Oktoba

Miguu imevimba. Analala sana. Nikamwambia Jumatatu tusiende, watatuelewa. Kasema, gauni nimeshapigiwa pasi, nitakwenda.

Utasema nini? Utasikia, kasema.

Utasema kwa lugha gani? Akavuta blanketi, akafumba macho.

Jumatatu, 8 Oktoba

Upepo, baridi. Watu kama mia mbili mbele ya ukumbi wa mji. Masufuria mawili ya supu ya mpunga wa ziwani nimepika mwenyewe. Mzee Bertoldi alikuja! Kasimama nyuma kabisa, na suti. Na juu ya jukwaa bango la watoto, zuri mno, rangi nne: TUNAWAHESHIMU, kisha lile neno langu refu.

Nikamsukuma Mama na kiti chake mpaka kwenye kipaza sauti. Akainua macho akalisoma bango. Akalisoma tena. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani amezidiwa. Kumbe anacheka!

Kasema kwa Kiingereza: nashukuru, lakini nani amewaambia nimekufa? Kasema, kwetu mtu akifa neno lake linaongezwa kipande mwishoni, ban, wakiwa wengi baniig, ijulikane kwamba hayupo. Hapo juu mmeandika "wazee wetu marehemu". Lakini hamkukosea sana, kasema. Mmewahi siku chache tu.

Watu wetu wakaangua kicheko. Weupe wakatazamana, hawajui kama wanaruhusiwa. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nimetoa neno kwenye kadi ya msiba nikamtundikia mama yangu kichwani, naye anapumua!

Mama akaacha kucheka. Kasema: nilikuwa na mdogo wangu, Odile. Tulipelekwa shule siku moja, mimi miaka tisa, yeye sita. Kiingereza hakujua hata neno. Nikamwambia anyamaze, asiseme kitu, ili wasimguse. Alikuwa msikivu. Aliposhikwa na surua hakumwambia mtu kwamba anaumwa, maana mimi nilimkataza kusema. Walimzika hukohuko chini ya msalaba wenye namba. Basi hiyo ban, kasema, mpeni yeye. Hakuna aliyewahi kumpa.

Akanionyesha kwa mkono tuondoke. Hotuba ya Kiojibwe haikuwapo. Sorensen analia, mpiga picha kashusha kamera. Na mimi jina la Odile ndiyo kwanza nalisikia. Miaka hamsini na saba, nyumba moja!

Garini kaniuliza: neno lile ulilitoa wapi?

Kwenye kadi ya Baba.

Ungeniuliza.

Ungenijibu?

Akageukia dirisha mpaka tukafika nyumbani.

Jumanne, 9 Oktoba

Hataki chakula, maji kidogo tu. Nesi kaleta dawa ya maumivu, kanionyesha namna ya kumdondoshea chini ya ulimi. Nimemwomba Mama radhi kwa zile kelele za Jumatano. Kasema, kelele zipi? Wewe umepiga kelele tangu siku ya kuzaliwa.

Akanipapasa shavu. Nampenda, na nina hasira naye, na sitapata muda wa kuzimaliza.

Alhamisi, 11 Oktoba

Saa nne asubuhi. Naandika nimekaa kitandani kwake. Hajui leo ni siku gani. Nesi kasema sumu ya damu imeshapanda kichwani, tujiandae.

Hivi punde kafungua macho, kanitazama sawasawa, kaanza kuongea. Kiojibwe! Si neno moja — maneno na maneno, haraka, kwa sauti ya msichana. Ananiambia mimi, kanishika kidole. Maisha yangu yote nimelisubiri hili, na sielewi! Katika maneno ishirini nadaka moja. Maji. Mkate. Nilitaka kumwuliza kwa Kiingereza, Mama, unasema nini? Nikauma ulimi. Akisikia Kiingereza ataacha.

Neno moja linarudi kila mara: nishiime. Mdogo wangu.

Si mimi. Anaongea na Odile.

Anamwuliza kitu. Sauti inapanda, inakatika, ananingoja. Kauliza tena. Anakibana kidole changu kweli, na machozi yanamtoka. Sijui anauliza nini. Kama ana njaa? Kama anaumwa? Kama amemsamehe? Mtoto aliyeambiwa anyamaze, nami nimekaa hapa nimenyamaza!

Nimesema: Eya'. Ndiyo.

Kashusha pumzi ndefu. Kalegeza mkono. Nikaongeza: Eya', nimisenh. Ndiyo, dada. Katabasamu, mimi sijawahi kutabasamiwa hivyo na Mama.

Sasa anauliza jingine, refu zaidi, na ananingoja —